Nikitoka nje ya ukumbi majibu yanarudi: kortisoli inanifanya nini kichwani?

Wapendwa washauri, salaam.

Mimi ni mhasibu, nina miaka 31, nasomea mtihani wa kitaaluma huku nikifanya kazi. Kuna karatasi moja imenishinda, na si kwa kutosoma. Nyumbani naweza kumfundisha mtu mada nzima bila kufungua daftari. Nikishaketi ukumbini, msimamizi akisema "geuzeni karatasi", moyo unakwenda mbio, viganja vinalowa, kichwa kinakuwa cheupe. Nasoma swali la kwanza mara tatu, mara nne, silielewi. Naiona hata sura ya ukurasa wa daftari langu, kisanduku kilipo juu kushoto, ila kilichoandikwa ndani yake sikioni. Kinachoniuma ni kwamba nikitoka, kabla sijafika hata getini, majibu yanarudi yote kwa mpangilio.

Tangu matokeo yatoke mambo yamezidi. Kazini nasahau nilichoagizwa muda mfupi uliopita. Nikiwa na mafaili mawili mezani nashindwa kutoka kwenye hili nikaingia lile. Usingizi unakatika saa tisa usiku, nabaki nahesabu makosa yangu. Asubuhi ni kahawa juu ya kahawa. Ajabu ni kwamba mambo ya aibu siyasahau: aliyonisemea bosi mbele ya wenzangu nayakumbuka neno kwa neno, na jioni ya siku kama hizo ndipo hujilazimisha kusoma mada mpya ili nisipoteze siku.

Rafiki yangu amenitumia makala inayosema kortisoli, ile homoni ya msongo, "inaua seli za ubongo". Ananishauri nikapime, na ameniletea vidonge vya mitishamba vya "kushusha kortisoli". Mwenzangu mwingine humeza dawa iitwayo propranololi kabla ya mtihani, anasema ni salama kabisa na yuko tayari kunigawia.

Msinirahisishie sana, mimi ni mtu wa hesabu. Homoni hii inafanya nini kati ya seli na seli hadi mtu asahau anachokijua? Seli zangu zinakufa? Nipime? Nimeze? Mtihani wa marudio uko wiki sita mbele. Niahirishe?

Ni mimi, Kichwa Cheupe

JIBU

Dada yetu, pole sana. Tuanze na lililokutia hofu kuliko yote. Majibu yanayorudi mtu akikaribia getini yanaonyesha kwamba kumbukumbu ilikuwapo muda wote, njia ya kuifikia ndiyo iliyofungwa. Seli iliyokufa haimrudishii mtu majibu ndani ya robo saa.

Umetaka undani, basi tushuke hadi kwenye sinapsi, pale seli moja ya neva inapokutana na nyingine. Seli hizo hazigusani. Kati yao pana uwazi wa takriban nanomita 20, na ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali: umeme ukifika mwisho wa seli ya kwanza, kalisiamu huingia, vifuko vidogo vilivyojaa kemikali hufunguka, na kemikali hiyo hushika vipokezi vya seli ya pili. Kemikali kuu ya kusisimua ni glutamati, ya kutuliza ni gaba. Homoni za msongo hazibebi ujumbe huo. Zenyewe huamua vifuko vifunguke kwa wepesi gani, vipokezi vingapi vikae tayari upande wa pili, na umeme uliokwisha kuvuka ufike wapi.

Makala kama ile uliyotumiwa hukosea kwa kuisema kortisoli kana kwamba ina kazi moja. Homoni hiyohiyo hufanya jambo moja ndani ya dakika chache, jambo karibu kinyume chake baada ya saa moja au mbili, na jambo la tatu ikikaa juu kwa wiki nzima nzima. Katika barua yako dalili za makundi yote matatu zimechanganyika, na kila kundi lina dawa yake. Kwa hiyo tutakwenda kwa saa.

Karatasi inapogeuzwa, inayotangulia ni adrenalini. Tezi za adrenali zilizo juu ya figo huimwaga ndani ya sekunde, moyo ukaenda mbio. Adrenalini yenyewe karibu haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Habari zake hupitia neva ya vagasi, ile neva ndefu inayounganisha ubongo na moyo na viungo vingine vya ndani, hadi kwenye shina la ubongo, na huko fundo dogo la seli liitwalo lokasi seruliasi humwaga noradrenalini, ndugu wa adrenalini, karibu ubongo mzima.

Nyuma ya paji la uso kuna gamba la mbele la ubongo, sehemu inayolishikilia swali akilini wakati unalitafutia jibu. Noradrenalini ikiwa ya wastani, hushika vipokezi viitwavyo alfa-2A, navyo husababisha vijia fulani vya ioni (chembe zenye chaji ya umeme) karibu na sinapsi vifungwe. Mawasiliano yanakuwa imara, na hapo unafikiri vizuri kuliko mtu aliyezubaa. Ndiyo maana hatutakuambia uondoe woga wote, kidogo unahitajika. Ikizidi, inaviamsha vipokezi vya alfa-1, ambavyo huhitaji kiasi kikubwa, na dopamini, kemikali nyingine ya ubongo iliyopanda pamoja nayo, inaongezea. Vijia vya potasiamu vinafunguka. Glutamati imevuka, seli ya pili imeipokea, lakini umeme unavujia nje kabla ya kufika kwenye mwili wa seli, kama maji yanayomiminwa kwenye mtungi uliotoboka. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ndiye aliyezichambua hatua hizi kwa kina. Swali unalolisoma mara nne bila kulielewa limekwama hapo: maneno yanaingia, hayakai. Noradrenalini ikishuka vijia hufungwa, na gamba hurudi kazini bila jeraha.

Kortisoli inafuata nyuma, kwa njia ndefu zaidi. Haipothalamasi hutoa homoni ya CRH, tezi ya pituitari hujibu kwa ACTH, nayo husafiri kwa damu hadi kwenye adrenali. Kortisoli huanza kupanda baada ya dakika kadhaa na kufika kileleni dakika 20 hadi 30 tangu msongo uanze. Huyeyuka katika mafuta, kwa hiyo hupenya hadi ndani ya ubongo. Sasa piga hesabu mwenyewe: aliyeanza kuhangaika kwenye foleni ya kuingia atafikiwa na kilele akiwa kwenye swali la kwanza. Kama mtihani ni wa asubuhi, kiasi hicho kinaongezwa juu ya kortisoli ya kuamkia, ambayo kwa watu wengi hufika kilele dakika 30 hadi 45 baada ya kufumbua macho.

Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake walionyesha kwamba homoni hii, ambayo kwa panya ni kotikosteroni, hushikwa kwa wingi katika hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohifadhi matukio na maarifa. Mwaka 1985 Reul na de Kloet wakabainisha, tena kwa panya, kwamba vipokezi vyake ni vya aina mbili. Kile cha mineralokotikoidi huikamata homoni kwa nguvu ya takriban mara 10 kuliko kile cha glukokotikoidi. Maana yake ni kwamba cha kwanza kinakuwa kimejaa karibu chote hata ukiwa umetulia, na cha pili hujaa kortisoli inapopanda tu, yaani kuelekea asubuhi na wakati wa msongo. Miaka mingi baadaye ikaonekana kwamba aina ya kwanza hufanya kazi kwenye utando wa seli pia, na huko haijai upesi, inasubiri msongo. Ikishikwa, ndani ya dakika chache seli za hipokampasi huachia glutamati kwa wepesi zaidi, na homoni ikiondolewa hali hiyo hukoma. Katika amigdala, kituo kinachozipa kumbukumbu uzito wa hofu, haikomi upesi hivyo: huendelea hata homoni ikiwa imeshaondoka. Hivyo ndivyo maneno ya bosi wako yalivyonasa. Kulaumiwa mbele za watu nako ni kichocheo kikali cha kortisoli. Mwaka 2004 Dickerson na Kemeny walipitia tafiti 208 wakakuta kwamba hali zinazoipandisha zaidi ni zile ambazo mtu anahukumiwa na wengine na hana uwezo wa kuidhibiti hali. Mtihani una yote mawili.

Utauliza, kama glutamati inaongezeka mbona nisikumbuke zaidi? Kwa sababu dakika hizo ubongo umeelekezwa kunasa kinachotokea sasa hivi, na kufukua ya jana kunawekwa kando. Mwaka 2000 Dominique de Quervain na wenzake waliwapa watu wazima wenye afya miligramu 25 za kotisoni, dawa ambayo mwili huigeuza kuwa kortisoli, saa moja kabla ya kuwauliza maneno waliyojifunza siku iliyotangulia. Walikumbuka machache kuliko kwa kidonge kisicho na dawa. Dozi hiyohiyo ilipotolewa kabla ya kujifunza, au mara baada ya kujifunza, haikuwapunguzia kitu. Kilichoathirika ni kutoa, si kuweka.

Rudi sasa getini. Kortisoli ya damu huchukua takriban dakika 60 hadi 90 kupungua hadi nusu, kwa hiyo unapotoka nje bado iko juu. Kilichoshuka ni noradrenalini. Hilo linaafikiana na majaribio ya baadaye ambayo kotisoni ilitolewa pamoja na propranololi, dawa inayoziba vipokezi vya noradrenalini vya aina ya beta, na ule usahaulifu haukutokea. Kortisoli ya juu peke yake haitoshi kufunga njia, inahitaji msisimko pembeni yake. Shika neno hilo, kwa kuwa mbinu za ndani ya ukumbi zimejengwa juu yake: kortisoli huwezi kuishusha ndani ya dakika tatu, msisimko unaweza.

Saa moja na zaidi baada ya msongo, kipokezi cha glukokotikoidi kinakuwa kimeshaingia kwenye kiini cha seli, kimewasha jeni hizi na kuzima zile, na protini mpya zimeanza kufanya kazi. Katika hipokampasi, mkondo wa potasiamu unaofuata kila mfululizo wa mapigo huongezeka, seli ikarusha mapigo machache na kunyamaza. Sinapsi nazo huwa ngumu kuimarika, ule uimarikaji ambao Tim Bliss na Terje Lømo waliuandika mwaka 1973 na ambao ndio unaotegemewa katika kujifunza. Yaelekea ni ulinzi: tukio zito limenaswa, sasa lisifutwe na mengine. Kwa mwanafunzi ni hasara. Zile jioni unazojilazimisha kusoma mada mpya baada ya kusemwa kazini, unapanda kwenye udongo uliofungwa. Kwa saa mbili hivi baada ya mtikisiko wa namna hiyo, tembea, panga madaftari, sahihisha hesabu ulizokwisha kuzifanya. Mada ngumu iwekee kesho asubuhi.

Tunaingia kwenye wiki na miezi, ambako neno "kuua" lilizaliwa. Mwaka 1989 Uno na wenzake walichunguza tumbili waliokufa baada ya msongo mkali wa muda mrefu katika kituo cha utafiti nchini Kenya, wakakuta seli za hipokampasi zimeharibika. Tumbili hao walikuwa na vidonda vya tumbo na walikufa. Msongo wa mhasibu aliyeshindwa mtihani hauko kwenye ngazi hiyo. Picha inayokuhusu ni ya Watanabe, Gould na McEwen ya mwaka 1992: panya waliobanwa saa 6 kwa siku kwa siku 21 walifupika matawi ya seli katika eneo la hipokampasi liitwalo CA3. Matawi yakifupika, sinapsi zinapungua na ujumbe unaopokelewa unapungua, ila seli iko hai. Panya wakiachwa wapumzike, matawi hayo hurefuka tena, na katika gamba la mbele imeonekana vivyo hivyo kwa panya wasio wazee. Amigdala ndiyo iliyo kichwa ngumu. Maabara ya Sumantra Chattarji nchini India ilionyesha kwamba huko matawi hurefuka kwa msongo, na siku 21 za mapumziko hazikutosha kuyarudisha. Kwa hiyo usishangae umakini ukirudi mapema na woga ukachelewa. Usiichukulie hali hiyo kuwa ishara kwamba hujapona.

Kwa binadamu tunao ushahidi unaofanana sana na mafaili yako mawili. Mwaka 2009 Liston, McEwen na Casey waliwapima wanafunzi wa udaktari nchini Marekani waliokuwa wamejiandaa kwa mtihani mkubwa kwa mwezi mzima. Waliojihisi wameelemewa walikuwa wazito kuhamisha umakini kutoka jambo moja hadi jingine, na mawasiliano ya gamba lao la mbele na sehemu nyingine za ubongo yalikuwa yamelegea. Mwezi mmoja baada ya msongo kupungua, walikuwa hawatofautiki na wenzao. Hata kwa wagonjwa wa Cushing, ambao kortisoli yao hukaa juu kupita kiasi kwa miezi au miaka, hipokampasi iliyokuwa imesinyaa huonekana kuongezeka ujazo baada ya matibabu.

Kupima? Kwa sababu hii pekee, hapana. Kipimo kimoja cha damu kinakuonyesha dakika ile tu: saa mbili asubuhi kiko juu, karibu na usiku wa manane kiko chini, na sindano yenyewe inaweza kukipandisha. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni huinua kortisoli inayosomeka kwenye damu bila ugonjwa wowote, na virutubisho vya biotini vinaweza kuvuruga baadhi ya mashine. Kipimo kina maana ukiwa na dalili za Cushing: michirizi mipana ya zambarau tumboni, mapaja yaliyolegea hadi kusimama kutoka kwenye kiti ni shida, ngozi inayovilia damu kwa kuguswa kidogo, uso uliojaa, shinikizo la damu. Mweleze daktari pia kama unatumia prednisoloni, dawa ya pumu ya kuvuta yenye steroidi, au krimu ya kung'arisha ngozi yenye klobetasoli. Hizo ni za jamii moja na kortisoli, na ukizitumia muda mrefu ukaacha ghafla, tezi zilizolala zinaweza kushindwa kuamka. Uchovu na usahaulifu unastahili zaidi kupimiwa wingi wa damu, tezi ya thairoidi na vitamini B12.

Vidonge vya rafiki yako virudishe. Kortisoli si uchafu wa kusafishwa, asiyekuwa nayo ya kutosha huanguka shinikizo la damu na anaweza kufa. Pakiti nyingi za aina hiyo zina ashwagandha, ambayo imeripotiwa kuumiza ini la baadhi ya watumiaji, na huwezi kuwa na hakika na kingine kilichochanganywa humo.

Propranololi ni dawa halisi na madaktari huiandika kwa woga wa jukwaani. Hilo halimpi mwenzako ruhusa ya kukugawia. Kwa mwenye pumu inaweza kubana njia za hewa hadi kuua. Huteremsha mapigo ya moyo na shinikizo, na kwa mwenye kisukari huficha dalili za sukari kushuka. Ukiitaka, aiandike daktari aliyekusikiliza kifua, na dozi ya kwanza iwe siku ya kawaida nyumbani. Asubuhi ya mtihani si siku ya kugundua kwamba inakupa kizunguzungu.

Sasa wiki zako sita. Usingizi utangulie, kwa sababu sehemu ya mwanzo ya usiku ndiyo yenye usingizi mzito na kortisoli ya chini kabisa, na hapo ndipo uliyosoma mchana yanapoimarishwa. Watu walioongezewa kortisoli saa hizo katika majaribio ya Plihal na Born walikumbuka vibaya maneno waliyojifunza jioni. Kwa hiyo kwenda kulala saa nane usiku ili usome zaidi kunakula kilekile unachokitafuta. Amka saa ileile kila siku, Jumapili ikiwemo. Ukizinduka saa tisa na dakika kama 20 zikapita bila usingizi, toka kitandani, keti penye mwanga hafifu, yaandike yanayokusumbua kwenye karatasi, rudi macho yakiwa mazito. Kahawa: kafeini huchochea adrenalini na kortisoli, na nusu yake bado imo mwilini takriban saa tano baadaye. Kikombe cha mwisho kiwe kabla ya saa sita mchana. Usikate vyote kwa mpigo, kichwa kitakuuma kuanzia siku hiyo au inayofuata. Punguza kimoja kila baada ya siku mbili tatu. Tembea kwa kasi dakika 30, siku tano za wiki, na mazoezi ya kutweta yasiwe karibu na kulala.

Kusoma kwenyewe kubadilike kuanzia leo. Kurudia-rudia kusoma daftari kunakupa hisia ya kujua, na hiyo ndiyo kumbukumbu inayoangushwa na msongo. Mwaka 2016 Smith, Floerke na Thomas waliwagawa watu: wengine wakasoma orodha tena na tena, wengine wakajilazimisha kuikumbuka bila kuitazama. Kesho yake wakatiwa msongo wa kuhutubia na kupiga hesabu mbele ya watu. Waliosoma tu walipungukiwa, waliofanya mazoezi ya kukumbuka hawakutikisika. Soma sehemu moja, funga daftari, andika kila unachokumbuka kwa dakika 10, fungua, weka alama nyekundu palipo na pengo, soma mapengo tu. Rudia kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Utaona ni kazi chungu na alama nyekundu zitakukatisha tamaa mwanzoni. Vumilia, uchungu huo ndio unaofanya kazi. Kile kisanduku unachokiona bila maneno kiandikie dokezo: neno moja kwa kila mstari uliomo, ukariri orodha ya madokezo. Ukivuta dokezo, mstari unafuata.

Kuanzia wiki ya tatu ongeza shinikizo kwa makusudi, mara moja kwa wiki. Karatasi kamili, saa mezani, mtu wa kukusimamia aketi mbele yako, na kabla ya kuanza simama umweleze mada moja kwa dakika mbili huku akikutazama bila kutabasamu. Lengo ni ubongo uizoee hali hiyo. Hali iliyozoeleka huamsha adrenali kidogo.

Siku yenyewe usiulizane maswali mlangoni. Ukikosa moja, unaipandisha noradrenalini bure. Karatasi ikigeuzwa, usikimbilie swali la kwanza: andika kwanza madokezo na fomyula zako pembeni, kisha pitia maswali yote na uanze na unalolijua zaidi. Ukiganda, weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa sekunde 4, itoe kwa sekunde 6, ambazo ni pumzi 6 kwa dakika, kwa dakika mbili au tatu. Kutoa pumzi polepole huamsha vagasi, moyo hupunguza mwendo, na msisimko unaopelekwa shinani mwa ubongo hupungua. Watu wengi hukosea kwa kuvuta pumzi kubwa za haraka: kabonidioksaidi inashuka, vidole vinafanya ganzi, kichwa kinazunguka, nao wanadhani hofu imezidi. Ukiona hivyo vuta kidogo zaidi, toa polepole zaidi. Fanya zoezi hili kila siku kuanzia sasa, usilianzie ukumbini.

Usiahirishe kwa sasa. Wiki sita zinatosha, na kuahirisha kunairefusha kazi ya amigdala. Ila kama kufikia wiki ya tatu usingizi bado unakatika karibu kila usiku, umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda, au mawazo ya kutotaka kuishi yamepita kichwani hata mara moja, nenda kwa daktari wiki hiyohiyo na umwachie yeye suala la mtihani. Mawazo ya kujidhuru hayasubiri wiki ya tatu, mwambie mtu wa karibu na uende leo. Na ukiona maneno yanakuwa mazito mdomoni, upande mmoja wa mwili unalegea, au unapotea njia unayoipita kila siku, hiyo si kortisoli, ni hospitali mara moja.